Mbunifu wa Bariadi aweke nini kwenye jalada la kazi?

SWALI: Nimejifundisha usanifu wa grafiki nikiwa Bariadi. Napata kadi za harusi na mabango tu. Wateja wa Mwanza wanataka jalada la kazi. Niweke nini?

JIBU: Weka kazi tano au sita, na kila moja ionyeshe ulivyofikiri: shida ya mteja, michoro ya penseli uliyoiacha, kisha picha ya kazi iliyochapishwa. Kadi moja ya harusi iliyopangwa vizuri inatosha.

Nyingine zitafute hapo hapo mkoani Simiyu. Vijana wa Maswa wametengeneza chaki, na Meatu wamesindika maziwa; bidhaa hizo zote zilihitaji kifungashio. Mtafute msindikaji mdogo anayeuza mafuta ya alizeti au asali kwenye chupa zisizo na lebo, umbunie moja. Mimi naipenda sana kazi hii kwa sababu haina pa kujificha: jina la bidhaa, ujazo, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, na anwani ya mzalishaji, vyote kwenye karatasi ndogo kuliko kiganja, na bado mnunuzi aisome ikiwa rafuni. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) usiiweke kabla mzalishaji hajapewa leseni ya kuitumia.

Ukibuni bila kuagizwa, andika wazi kuwa ni kazi ya mazoezi. Ukishirikiana na wengine, taja sehemu yako. Halafu tengeneza faili jepesi la PDF, kwa sababu wengi watalifungulia kwenye simu, kupitia WhatsApp.