Kishikwambi Katika Darasa la Kwanza

Kishikwambi ni kompyuta bapa isiyo na kibodi, ambayo huendeshwa kwa kugusa kioo chake. Nchini Tanzania jina hili lilienea sana mwaka 2022, makarani wa Sensa ya Watu na Makazi walipokitumia kukusanya takwimu. Baada ya sensa hiyo, Serikali ilivielekeza vishikwambi kwa walimu wa shule za umma. Hivyo basi, kwa shule za Mbeya na Iringa, jambo la kuchunguza si iwapo chombo hiki kitafika, bali ni kazi gani kinaweza kufanya mbele ya mtoto anayeanza kusoma, na kwa masharti gani.

Jaribio la Tanga

Jibu moja lilipatikana mkoani Tanga. Katika shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE, programu tano za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili zilijaribiwa kwa muda wa miezi 15. Karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi, na vituo vya kuchajia kwa nguvu za jua vikajengwa vijijini. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana katika kazi hiyo. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa kugawana zawadi ya dola milioni 10.

Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walisemekana hawajapata kusoma shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Matokeo haya yapaswa kutazamwa pande zote mbili. Kwa upande mmoja, watoto wengi walianza kusoma pasipo kuwa na mwalimu. Kwa upande mwingine, zaidi ya watoto wanne katika kila kumi walibaki bila kusoma neno, ingawa walikuwa na chombo. Kishikwambi, basi, ni msaada wenye nguvu, lakini hakichukui nafasi ya mwalimu.

Kioo hutambuaje kidole?

Chini ya kioo kuna tabaka jembamba lenye nyaya zisizoonekana, zilizopangwa kwa safu na nguzo kama mistari ya daftari la hesabu. Nyaya hizo hubeba chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu, kwa kuwa una maji na chumvi, hupitisha umeme. Kidole kinapokaribia, chaji ya mahali pale hubadilika. Kompyuta hupima badiliko hilo mara nyingi kwa sekunde na kujua ni safu ipi na nguzo ipi iliyoguswa.

Maji nayo hupitisha umeme. Kwa hiyo mtoto aliyefika shuleni akiwa amelowa mvua huweza kukiona kioo "kikiguswa" na matone yenyewe. Kitambaa kikavu mlangoni ni kifaa cha lazima cha somo hili, hali kadhalika kifuniko cha kuzuia vumbi la chaki lisiingie katika tundu la kuchajia.

Hesabu ya nishati

Shule nyingi za vijijini hutegemea jua. Ichukuliwe kwamba betri ya kishikwambi ina volti 3.8 na ampea-saa 5. Nishati yake ni:

3.8 × 5 = wati-saa 19

Darasa la wanafunzi 80 wanaotumia kishikwambi wawili wawili lahitaji vishikwambi 40, yaani wati-saa 760 kwa kila chaji kamili. Ikiwa robo ya nishati hupotea njiani, paneli yapaswa kutoa 760 ÷ 0.75, yaani takriban wati-saa 1,000 kwa siku.

Hapa ndipo jiografia inapoingia darasani. Ismani, mkoani Iringa, ni sehemu kavu. Tukuyu, mkoani Mbeya, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ichukuliwe kwamba Ismani hupata jua linalolingana na saa 5 za jua kamili kwa siku, na Tukuyu wakati wa mawingu saa 2.5. Paneli ya wati 200 yatosha Ismani, kwani 200 × 5 = 1,000. Paneli hiyo hiyo Tukuyu hutoa wati-saa 500 tu. Baada ya upotevu hubaki 375, ambazo hujaza vishikwambi 19. Wanafunzi wanne wangelazimika kugombea kioo kimoja. Mtoaji anayepeleka vifaa sawa kila mahali hajagawa sawa.

Lugha na mwalimu

Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa ukaribu: ma-ji, ki-ti, nyu-mba. Programu yaweza kutamka silabi mara mia bila kuchoka, na kumrudisha kila mtoto pale alipokosea. Hata hivyo, mtoto aliyekua akisema Kihehe, Kisafwa au Kinyakyusa nyumbani huweza kuitamka silabi vizuri bila kujua maana ya neno. Mwalimu ndiye anayeweza kumwonyesha kitu chenyewe, kumwuliza, na kusikiliza jibu lake. Kwa sababu hiyo yafaa kundi moja litumie vishikwambi huku mwalimu akisoma na kundi jingine, kisha wabadilishane. Kwa mpango huo vishikwambi nusu vyatosha, na mwalimu hupata kuwasikiliza watoto wachache kwa wakati mmoja.

Maswali

1. Shule moja ya Mufindi ina vishikwambi 20 vyenye betri kama ile iliyotajwa. Ikiwa jua ni saa 3 na upotevu ni robo, paneli ya wati ngapi yahitajika?
2. Eleza kwa nini kioo hakitambui kidole kilichovaa glavu nene ya sufi.
3. Mikondo miwili ya Darasa la Kwanza yalinganishwa, mmoja ukiwa na vishikwambi na mwingine bila. Taja mambo matatu yapasayo kuwa sawa ili ulinganisho uwe wa haki.