Mzigo Unaorudi

Soma kwa Juma Hili: Danieli 1:5–16, Mithali 23:20, 21, 1 Wakorintho 6:19, 20, Wagalatia 6:1–5.

Mama mmoja mwimbaji wa kwaya katika kata ya Kasingirima, Kigoma-Ujiji, alipungua kilo 11 kwa miezi minne. Aliacha soda na maandazi, akazidisha mboga, akatembea kila alfajiri. Fundi akampunguzia sare ya kwaya. Mwaka uliofuata kilo zote zilirudi na mbili juu yake, sare ikarudi kwa fundi, na mzee mmoja akasema mlangoni mwa kanisa huku akicheka: "Dada yetu, kiasi kimemshinda." Tangu siku ile huimba nyumbani. Je, mzee yule alisema kweli?

Unene Hutoka Wapi?

Chukua uzito kwa kilo, gawa kwa urefu wa meta, kisha gawa tena kwa urefu uleule. Anayepata 25 na kuendelea amezidi uzito. Kuanzia 30 ni kiribatumbo. Mama yule, mwenye meta 1.60, alianza na kilo 82: jibu ni 32. Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa wamezidi uzito au wana kiribatumbo.

Soma Mithali 23:20, 21. Maandiko yanakemea ulafi waziwazi. Lakini je, kila mnene ni mlafi?

Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kalori zipatazo 120, karibu sawa na mwendo wa kilometa mbili kwa miguu. Ni nani Kigoma anayepima mawese kwa kijiko? Soda moja ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Njia ya sokoni iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda. Tena kuna kurithi, uzazi, usingizi haba na dawa fulani. Kisha kuna maneno ya watu: mke akinenepa, ndoa imemkubali, akikonda, ananong'onwa. Mama yule alipofikisha kilo ya saba, watu wawili katika juma moja walimwuliza kama "ameshapima."

Kwa Nini Uzito Hurudi?

Mwili hauwezi kutofautisha nia njema na njaa. Mafuta yakipungua, leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Grelini, inayoamsha njaa, hupanda. Na mwili hutumia nguvu kidogo kuliko kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitoa taarifa ya watu 14 waliokuwa wamepungua sana katika shindano la televisheni miaka sita kabla. Karibu wote walikuwa wamerudia sehemu ya uzito wao, wengi sehemu kubwa, na kwa wastani miili yao ilitumia kalori zipatazo 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hao walikuwa na walimu na madaktari. Mama wa Kasingirima alikuwa na jirani mmoja wa kutembea naye, naye akahama.

Soma Danieli 1:5–16. Wengi hulitumia fungu hili kama dawa ya kupungua kwa siku kumi. Wasome na aya ya 15: vijana wale walionekana wamenenepa kuliko wenzao! Siku kumi zilikuwa jaribio tu. Mafunzo yalikuwa ya miaka mitatu, na Danieli alikuwa na wenzake watatu mezani.

Furushi na Mzigo

Paulo anataja mizigo ya kuchukuliana (Wagalatia 6:2) na furushi la kila mtu (6:5). Kutembea na kuacha soda ni furushi la mama huyu, kwa maana mwili wake ni hekalu. Hata kilo tano zisizorudi, kwa mtu wa kilo 90, huweza kushusha shinikizo la damu na sukari. (Anayetumia dawa za sukari asifunge bila kumwona daktari.)

Lakini chungu si furushi la mtu mmoja. Mama yule hupikia watu wanane. Mume na watoto walitaka mawese kama zamani, basi akapika vyungu viwili, mkaa ukaisha mara mbili upesi, na mwezi wa tano akarudi kwenye chungu kimoja, kile cha zamani.

Maswali ya Kujadili

1. Mume wake angefanya nini mwezi ule wa tano?

2. Chakula cha pamoja cha Sabato kanisani kwenu hupikwa kwa mafuta kiasi gani, na nani huamua?

3. Soma Wagalatia 6:1. Mzee wa mlangoni aanzie wapi?

4. Nani wa darasa lenu atamtembelea juma hili dada anayeimba nyumbani, na watazungumza nini pasipo kutaja kilo?