TANGI LA MAJI MOTO LIKIHARIBIKA: KAZI IPI NI YAKO, NA IPI NI YA FUNDI?

Wakulima wengi siku hizi wana stima nyumbani, na baadhi yao wameweka tangi la kupasha maji moto. Maji hayo si ya kuogea tu. Mwenye ng'ombe wa maziwa huyahitaji kila siku kwa kuoshea ndoo na mikebe, kwa maana chombo kilichooshwa kwa maji baridi peke yake hubaki na mafuta ya maziwa, na maziwa yatakayotiwa humo huchacha upesi.

Tangi hilo likiharibika, mwenye nyumba hujiuliza: Je, nilibadilishe mwenyewe, au nimwite fundi? Jibu letu ni hili: gawanya kazi. Kazi ya maji na ya nguvu za mikono waweza kuifanya wewe. Kazi ya stima na ya vali ya usalama mwachie fundi mwenye leseni. Ukifanya hivyo utapunguza gharama, wala hutahatarisha maisha ya watu wako.

Kwanza tazama ugonjwa

Usikimbilie dukani kununua tangi jipya. Ikiwa maji hayapati moto lakini tangi halivuji, huenda kilichokufa ni kile chuma cha ndani kinachopasha maji, au themostati, yaani kifaa kinachokata stima maji yakifika joto linalotakiwa. Fundi aweza kubadilisha kimoja chao, na tangi likaendelea kutumika. Ikiwa maji yanatoka penye kiungo cha bomba, pengine kiungo kimelegea tu. Lakini ikiwa mwili wa tangi wenyewe umeoza kwa kutu na unavuja, hakuna dawa. Ni lazima ubadilishe tangi zima.

Hatari mbili zisizoonekana

Hatari ya kwanza ni stima. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Tangi la wati 3,000 huvuta ampea 12 na nusu, na kupasha lita 100 kutoka digrii 20 mpaka 60 huchukua kama saa moja na nusu. Waya mwembamba wa taa hauwezi kubeba mzigo huo muda wote huo. Utapata moto ndani ya ukuta na waweza kuunguza nyumba. Tena, chuma cha kupasha kikipasuka, stima huingia majini. Waya wa ardhi ukiwapo, stima hiyo hupita humo na swichi ya kinga huikata. Usipokuwapo, njia ya stima ni mwili wa yule aliyesimama bafuni ameloa, mkono wake u penye mfereji. Tangi lisilo na waya wa ardhi laweza kutoa maji moto mwaka mzima bila mwenye nyumba kujua kosa lake. Ndiyo sababu hatusemi, "Mbona la jirani linafanya kazi?"

Hatari ya pili ni maji yenyewe. Maji yakipata moto hupanuka. Lita 100 zikitoka digrii 20 kufika 60 huongezeka kwa lita moja na nusu hivi. Vali ya usalama hutoa ziada hiyo, na kwa hiyo kudondoka kidogo wakati wa kupasha si ubovu. Watu wengine huona matone hayo, wakaziba bomba la vali kwa kijiti. Hilo ni kosa kubwa sana. Siku themostati ikifa, maji yatapita digrii 100 yakiwa yamefungiwa ndani. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji. Tangi la namna hiyo hulipuka kama baruti na kubomoa ukuta.

Kazi yako

1. Jioni kabla fundi hajaja, zima stima kwenye swichi kuu ya tangi, wala si ile ya bafuni tu. Waambie watu wote wa nyumbani wasiiguse.
2. Acha maji yapoe usiku kucha.
3. Asubuhi funga koki ya maji baridi yaingiayo. Fungua mfereji wa maji moto ili hewa iingie, kisha toa maji kwa mpira mpaka shambani.
4. Usiguse nyaya. Fundi akisha kupima na kuzifungua, shusha tangi la zamani mkiwa watu wawili au zaidi.
5. Kagua ukuta. Tangi la lita 100 likijaa huzidi kilo 100. Ukuta wa udongo hauwezi kulibeba. Jenga kikalio imara.

Kazi ya fundi

Fundi ataunganisha nyaya, ataweka vali, kisha atapima. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka kazi ya kuunganisha stima ifanywe na mwenye leseni, na leseni hiyo hutolewa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hajafungua mfuko wake wa vyombo. Fundi wa kweli hatakasirika.

Kabla ya kuwasha, tangi lijazwe kwanza, mpaka mfereji wa maji moto utoe maji mfululizo bila hewa. Chuma cha kupasha kikiwashwa pakavu huungua kwa muda mfupi, na fedha zako zimepotea.

Kabla ya kumlipa, hakikisha mambo haya: amepima waya wa ardhi mbele yako, swichi ya kinga hukata stima kibonyezo chake kikibonyezwa, hakuna koki kati ya vali na tangi, na bomba la vali lainama kwenda chini, li wazi mwishoni, na humwaga maji nje pasipopita watoto. Maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, basi mtoto akiogeshwa, tangulizeni maji baridi katika beseni.

Mkulima mwenye busara hajivunii kufanya kila kazi. Hujua ile aiwezayo, na ile asiyoiweza humwachia mwenye ujuzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili, ukuta si wa kwanza kuhofiwa, bali watu waliolala nyuma yake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini matone ya vali ya usalama yasizibwe?
2. Kwa nini tangi lijazwe kabla ya kuwashwa?
3. Je, tangi lako lina waya wa ardhi? Nani aliupima?