Ukimleta mgeni Gisenyi, anza kuhesabu viza kwenye mpaka wa mwisho

Mtu akiniuliza mgeni wake anahitaji nini ili afike Gisenyi, mimi humuuliza kwanza akitoka hapa anaelekea wapi. Kuingia Rwanda si kazi. Tangu 2018 raia wa nchi yoyote hupewa viza akifika, na wa Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Madola na Francophonie hawatozwi kwa siku 30. Wepesi huo ndio unaowaponza watu: wakishavuka mlango wa kwanza wanaona mambo yamekwisha.

Tazama viza ya pamoja ya utalii ya Rwanda, Uganda na Kenya, iliyoanza 2014. Ni dola 100 kwa siku 90, unaingia na kutoka upendavyo ndani ya nchi hizo tatu, mradi uanzie ile iliyokupa. Mmarekani anayetaka sokwe wa Virunga, ziwa Bunyonyi na mwisho Nairobi itamfaa. Mfaransa au Mwingereza apige hesabu kwanza: Rwanda bure, Uganda dola 50, kibali cha mtandaoni cha Kenya kama 30. Hizo 100 za nini? Tena kuna sharti ambalo wengi hawalisomi: ukitoka nje ya nchi hizo tatu, viza imekufa. Na hapa kwetu nje ni karibu mno, ni kutembea tu hadi Petite Barrière, kivuko cha kwenda Goma, Kongo. Pasipoti ikigongwa muhuri wa Kongo, Uganda na Kenya utazilipia upya.

Utasema, mbona wachuuzi wanavuka kutwa na vikapu vyao, na Kongo si imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022? Wachuuzi wana jetoni, kibali cha siku moja cha wakazi wa mpakani. Mtalii hahusiki nacho. Na uanachama hauiingizi nchi kwenye viza hii: hata Tanzania, mwasisi wa Jumuiya, haimo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tangu waasi wa M23 waiteke Goma, Januari 2025, hakuna haja ya kuwaza habari za kuvuka. Kweli, na mimi simshauri mtalii avuke. Lakini sharti ni lilelile kwa anayepitia Zanzibar katikati ya safari kisha arudi Nairobi kupanda ndege. Zanzibar na iwe kituo cha mwisho, basi.

Pesa ya viza angalau hutafutwa. Kadi ya manjano ya homa ya manjano hainunuliki mpakani, maana chanjo huhesabiwa baada ya siku 10. Hiyo ishughulikiwe kabla ya tiketi, pamoja na pasipoti yenye miezi sita mbele. Mwenye kadi ya zamani asichanjwe tena kwa hofu: tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama imeandikwa kwamba muda wake uliisha 2015.