Vidonda vya mdomo wakati wa kemo: andika kila siku, usingoje kliniki

SWALI: Daktari, mama anaishi Kawangware na anapata kemo ya saratani ya matiti kila baada ya wiki tatu. Kila akidungwa dawa, siku chache baadaye mdomo hujaa vidonda, hata ugali unamshinda. Lakini akiulizwa kliniki husema tu, "Naendelea vizuri." Mimi hutoka Kibera kila jioni kumwangalia. Nimweleze daktari vipi?
Msomaji, Kibera

JIBU: Mpe mama pole. Kemo huua seli zinazozaliana upesi, zikiwemo zile za ndani ya mdomo. Vidonda huanza takriban siku ya 5 hadi ya 10 na mara nyingi hupona kwa wiki 2 au 3. Kwa hiyo siku ya kliniki mdomo huwa umepona, na daktari haoni kitu.

Nunua daftari. Kila jioni mama ataje uchungu wake kati ya 0 na 10; usimkadirie. Andika alichokula, kisha mulika mdomo kwa tochi ya simu. Mfano: "Jumatano: uchungu 7, uji nusu kikombe, ugali umemshinda."

Shirika la Afya Duniani lina madaraja yake: 0, hakuna shida, 1, mdomo mwekundu unauma, 2, kuna vidonda lakini chakula kigumu kinapita, 3, ni uji na supu tu, 4, hawezi kula wala kunywa. Jumatano hiyo ni daraja la 3. Hapo pigia kliniki simu siku hiyohiyo. Dawa za uchungu zipo, na ukiona utando mweupe mdomoni, huenda ni fangasi, nayo inatibika.

Joto likifika 38, ni dharura. Mpeleke anakotibiwa, au Hospitali ya Kenyatta, hata kama ni usiku, na utangulie kusema yuko kwenye kemo.

Nyumbani asukutue angalau mara nne kwa siku, kisha ateme: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mswaki uwe laini. Aepuke pilipili, ndimu, pombe na sigara.

Huenda mama ananyamaza akihofia kukatiziwa dawa. Mwambie kwamba daktari akijua mapema ana nafasi ya kutuliza uchungu na kupanga kipimo cha dawa ili matibabu yaendelee. Mgonjwa aliyeacha kula hudhoofika, na hapo ndipo matibabu hukwama.