SOMO KWA VIKUNDI: GUGU KAROTI KATIKA MALISHO YA JIRANI



Wengi wetu hudhani kwamba gugu lililo ng'ambo ya ua ni shauri la mwenye shamba hilo peke yake. Kwa magugu mengi dhana hiyo haileti hasara kubwa. Kwa gugu karoti, ambalo lilitambuliwa Arusha mwaka 2010 na ambalo Kenya ililitangaza mwaka huo huo kuwa gugu hatari kisheria, dhana hiyo yaweza kumpotezea mfugaji malisho, maziwa na hata ujirani mwema. Somo hili ni la kusomwa katika kikundi, ikiwezekana kandokando ya malisho yenyewe.

Jina la kitaalamu la gugu hili ni Parthenium hysterophorus, na asili yake ni nchi za joto za Amerika. Likiwa changa hulala chini kama sahani, majani yake yamechanwachanwa mithili ya majani ya karoti. Baadaye hutoa shina lenye matawi mengi, huweza kupita kimo cha mtu wa wastani, na huchanua maua madogo meupe. Kutoka kuota hadi kuchanua huchukua majuma manne hadi sita tu penye unyevu. Mmea mmoja uliokomaa huweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi, nazo huweza kukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua.

Sumu yake humdhuru mnyama na binadamu. Ng'ombe hulikwepa maadamu nyasi zipo, lakini kiangazi kikikaza hula kile kilichopo. Hapo maziwa huwa machungu, na nyama nayo huharibika ladha. Majaribio yaliyofanywa India katika miaka ya 1970 yalionyesha kwamba wanyama waliolishwa gugu hili kwa wingi walipata vidonda vya mdomo na matumbo, na wengi walikufa. Kwa binadamu, chavua yake huleta mafua na pumu, na kuligusa mara kwa mara huwasha ngozi hadi ikatoka vidonda. Mtu aliyeling'oa miaka miwili bila kudhurika asijivune. Mwili wake waweza kulikataa mwaka wa tatu.

Hebu sasa tutazame ua. Mbegu ni nyepesi, lakini upepo si msafirishaji wake mkuu. Husafirishwa na maji ya mvua, kwato zenye tope, samadi, hei, magurudumu ya trekta, na kifusi kinachomwagwa barabarani. Kwa hiyo mwanachama mwenye jirani upande wa juu wa mteremko ana sababu ya kwenda kumwona mapema kuliko yule aliye upande wa chini. Tena malisho yaliyochungwa kupita kiasi ndiyo yanayolipokea gugu hili kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hupenda udongo ulio wazi. Si haki kumlaumu jirani ikiwa upande wetu wenyewe nyasi zimekwisha.

Uingereza wanalo tatizo lililo karibu na hili. Huko gugu lenye maua ya njano, Jacobaea vulgaris, huharibu maini ya farasi. Farasi hulikataa likiwa bichi kwa sababu ya uchungu, lakini likikauka ndani ya hei uchungu hupungua na sumu hubaki. Sheria yao ya magugu ya mwaka 1959 iliongezewa nguvu mwaka 2003, na mwongozo uliofuata uliyahesabu magugu yaliyo chini ya meta 50 kutoka kwenye malisho kuwa ya hatari kubwa. Hata hivyo mlalamikaji hushauriwa kwanza azungumze na mwenye ardhi. Utaratibu huo watufaa, ingawa gugu letu ni jingine.

Basi uende lini, na useme nini? Nenda kabla maua hayajatokea. Baada ya hapo ziara yako itakuwa ya kulalamika tu. Usiingie katika uwanja wa mtu na kung'oa bila idhini, hata kama nia yako ni njema. Piga hodi, amkia kama ilivyo desturi, kisha mwonyeshe mche mmoja uliong'oa upande wako, si upande wake. Mzee aliyeambiwa, "Shikamoo mzee, gugu hili limeanza kwangu, naomba tusaidiane kabla halijafika mbali," atasikiliza. Yule aliyeambiwa kwamba shamba lake ni chafu atafunga mlango, na ni haki yake.

Kazi yenyewe hufanywa baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Vaeni glavu, mikono mirefu na kitambaa puani. Wenye pumu wapewe kazi nyingine. Ng'oeni pamoja na mzizi, maana gugu lililofyekwa huchipua tena na kuchanua likiwa fupi, ambapo ni vigumu kuliona. Yaliyokwisha kuchanua yatiwe katika magunia hapo hapo, yakaushwe juu ya turubai na kuchomwa mahali pasipo hatari ya moto. Yasitupwe katika lundo la mboji wala kufanywa ufagio. Mwenye kutaka kutumia viuagugu amwone afisa ugani kwanza, kwani baadhi ya dawa huua nyasi pia, na hapo gugu hupata nafasi lililokuwa likiitafuta. Palipong'olewa pasibaki wazi: pandeni nyasi za malisho, na mifugo isiingizwe hadi zishike.

Kazi ya Katibu ni kuandika. Daftari lionyeshe mpaka gani umekaguliwa, tarehe gani, na nani aliahidi nini. Kisha ukaguzi urudiwe kila majuma manne wakati wa mvua. Jirani asiye mwanachama aalikwe siku ya kazi kama wengine. Akikataa mara mbili, shauri lipelekwe kwa serikali ya kijiji, ambayo inaweza kutunga sheria ndogo, na afisa ugani aarifiwe ili taarifa ifike kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Tumeiweka hatua hii mwisho kwa makusudi. Faini humfanya mtu ang'oe mara moja, na gugu hili lataka kung'olewa misimu mingi.

Maswali ya kujadili:

1. Je, maji ya mvua huingia katika malisho yenu kutoka kwa nani, na hutoka kwenda kwa nani?

2. Hei na samadi mnazonunua hutoka wapi, na nani huzikagua?

3. Mwanachama amekataa kumwalika jirani kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa mpaka. Kamati ifanye nini kabla ya majuma manne kwisha?

4. Gugu limeota kandokando ya barabara, pasipo na mwenyewe. Nani ataling'oa?