Chanjo Moja, Miili Tofauti: Kwa Nini Kingamwili za UVIKO-19 Hazilingani

Bibi na mjukuu wake wanaweza kukaa benchi moja kituoni, wakachanjwa kutoka kichupa kimoja, na mwezi mmoja baadaye damu ya mjukuu ikaonekana na kingamwili nyingi kuliko ya bibi. Haina maana kwamba chanjo iliharibika au mhudumu alikosea.

Chanjo huuonyesha mwili protini ya mwiba, ile ambayo kirusi cha korona hujishikizia kwenye seli. Seli B huitambua, kisha hutengeneza kingamwili za kuizuia. Kazi hiyo huchukua wiki mbili hivi, na uzee huipunguza kasi. Wazee wetu walitangulizwa kwenye foleni mwaka 2021 hasa kwa kuwa korona huwaumiza zaidi, na udhaifu huu wa kinga ni sababu nyingine ya wao kuwa wa kwanza kushauriwa dozi ya nyongeza hadi leo.

Dawa unazotumia

Hapa tunaomba msome taratibu, kwa sababu ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko popote. Aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kutuliza kinga ili mwili usilikatae figo jipya. Dawa hizo hizo huizuia kinga kuitikia chanjo, hata wengi wao wakamaliza dozi mbili bila kingamwili za kutosha. Rituksimabu, inayotumika kwa baadhi ya saratani za damu na kwa baridi yabisi, huziondoa seli B zenyewe kwa miezi kadhaa. Anayechanjwa katika kipindi hicho huenda asipate kingamwili kabisa, ingawa seli T zake, kikosi kingine cha kinga, bado huweza kujifunza na kumsaidia. Wanaosafishwa damu kwa mashine na wanaotumia steroidi kwa wingi nao wako hatarini.

Msiache dawa kwa uamuzi wenu! Figo likikataliwa, hasara yake haifidiwi na chanjo. Mwelezeni daktari mapema, apange chanjo iingie kabla ya dozi ijayo ya dawa, au aongeze dozi ya chanjo.

Wanaoishi na VVU

Mtu anayemeza ARV zake kila siku, virusi vikiwa vimefubazwa na seli zake za kinga za CD4 zikiwa nyingi, kwa kawaida huitikia chanjo vizuri. Mwenye CD4 za chini huhitaji dozi zaidi.

Aina ya chanjo na muda kati ya dozi

Chanjo za mRNA, yaani Pfizer na Moderna, kwa kawaida huinua kingamwili juu kuliko zile za kirusi kilichouawa, kama Sinopharm. Muda nao una uzito wake. Kwa AstraZeneca, ambayo Kenya ilianza nayo Machi 2021, waliorudi baada ya wiki 12 walipata kingamwili nyingi kuliko waliorudi kabla ya wiki 6. Na aliyekwisha kuugua korona hupandisha kingamwili haraka kwa dozi moja tu, kwa kuwa mwili wake unamkumbuka adui.

Homa si kipimo

Tumewasikia wengi wakisema, “Mimi sikuumwa hata mkono, basi haikufanya kazi.” Si kweli. Wengi hupata kinga nzuri bila homa wala maumivu. Msinywe parasetamoli kabla ya sindano ili kuzuia homa. Inyweni baadaye, maumivu yakija.

Vilevile, msitumie fedha zenu kupima kingamwili ili kuamua kama mrudie chanjo. Hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa kwamba ukikifikia uko salama. Zaidi ya hapo, kingamwili hupungua kwa kila mtu baada ya miezi, huku seli za kumbukumbu zikibaki kukulinda usiugue sana.

Mkienda kuchanjwa, bebeni kadi ya chanjo zilizopita na dawa zote mnazotumia, hata za mgongo na za pumu. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa figo au wa saratani, mtajeni kwa mhudumu. Mwili wake huenda usiitikie, na chanjo zenu ninyi mnaoishi naye hupunguza uwezekano wa kumletea kirusi.